Chuma Ndani ya Chokaa

Wahenga walituusia tuzibe ufa kabla haujatulazimisha kujenga ukuta. Hawakututajia tuuzibe kwa kitu gani.

Nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, sakafu zikibebwa na boriti za mikoko. Lipu nayo ilikuwa ya chokaa, zao la matumbawe yaliyochomwa. Ukuta na lipu vilikuwa ndugu wa tumbo moja: vilivuta unyevu pamoja na kuutoa pamoja. Ufa ulipotokea, fundi aliukwangua na kuujaza chokaa mpya.

Mwaka 1883 Sultani Barghash bin Said alijenga Beit al-Ajaib, jumba lililochanganya kuta za matumbawe na nguzo na mihimili ya chuma. Mwaka uliofuata, huko Uingereza, John French Golding alipata hataza ya wavu unaotengenezwa kwa kuchana bamba la chuma na kulivuta. Nyavu za namna hiyo, na tepe nyembamba za chuma, zikaja kuwa mifupa ya lipu. Hupigiliwa pale vinapokutana vitu viwili visivyofanana, mathalani nguzo ya zege na ukuta wa matofali, ambavyo kila kimoja hutanuka na kunywea kwa kiasi chake. Chuma hupokea mvutano, lipu ikasalimika.

Maarifa hayo ni ya kweli, ila yana sharti. Saruji mpya hukilinda chuma dhidi ya kutu. Unyevu na chumvi ya bahari vikishapenya, ulinzi huo huondoka. Kutu nayo huhitaji nafasi zaidi ya maradufu ya chuma ilichokila, hivyo huisukuma lipu kutoka ndani. Kilichowekwa kuzuia ufa ndicho kinachoupasua. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tarehe 25 Disemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib iliporomoka ikiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafariki. Anguko kama hilo halina sababu moja, wala si haki kuitwika kutu peke yake. Lakini limetukumbusha kwamba katika mji wa pwani kosa la ukarabati huweza kulipwa kwa roho za watu.

Basi fundi aulize kwanza ukuta umejengwa kwa nini. Ukiwa wa zege na matofali, atie chuma kisichoshika kutu. Ukiwa wa matumbawe, aurejeshee chokaa yake.