Kiti cha enzi hakikuazimwa

Harusi nyingi za Migori na Homa Bay siku hizi zina viti viwili vya kukodi kwa ajili ya maharusi: vikubwa, miguu imepinda, mbao zimepakwa rangi ya dhahabu. Hata majukwaa ya wanasiasa yameanza kuvipokea. Umbo lake ni la Ufaransa ya karne ya 18, na inafaa tujue Wafaransa wenyewe waliipataje fahari hiyo.

Mwaka 1737, Thomas-Joachim Hébert, mfanyabiashara wa Paris, alimpelekea Malkia Marie Leszczyńska kabati la droo katika kasri la Fontainebleau. Uso wake ulikuwa wa laka ya Kijapani. Mafundi wa Paris walichukua makasha na viambaza vya kukunjwa kutoka China na Japani, wakavipasua, wakaparuza upande wa nyuma hadi ubao ukawa mwembamba wa kupindika, kisha wakaubandika kwenye kabati na kuuzungushia shaba ya rangi ya dhahabu. Fundi wa kabati hilo alijulikana kwa mhuri wa herufi BVRB tu. Mwaka 1957 ndipo alipotambuliwa kuwa Bernard van Risenburgh. Kabati sasa liko Louvre, na kila mtu huliita la Kifaransa.

Pwani yetu ilifanya kazi ya namna hiyo hiyo. Katika nyumba za waungwana wa Lamu, sahani za China zilipangwa kwenye zidaka, na mgeni wa heshima aliketishwa kwenye kiti cha enzi: mpingo mweusi, njumu za pembe za ndovu au mfupa, mgongo na kikalio vya kamba iliyosukwa, na kibao cha kuwekea miguu.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Wataalamu walipokitazama waliuliza kwanza kimetoka wapi. Kuna waliotaja Ureno na Uhispania, kuna waliotaja India, na kuna waliotaja Misri ya Wamamluki. James de Vere Allen, aliyekuwa mhifadhi wa Makumbusho ya Lamu, aliandika makala ndefu kuhusu viti hivi mwaka 1989. Utafiti ni mzuri, lakini swali lenyewe lina upendeleo. Kabati la Paris lina ubao wa Japani na bado ni la Kifaransa. Kiti kilichochongwa na fundi wa Lamu kwa ajili ya sebule ya Lamu kinatafutiwa baba ng'ambo. Sioni haki hapo.

Mwaka huo huo wa 1989, Rais Moi alichoma tani 12 za pembe za ndovu Nairobi, na biashara ya pembe kati ya nchi na nchi ikapigwa marufuku. Njumu za leo ni za mfupa.

Huku ziwani hatukuwa na njumu. Mzee wa Kijaluo alikuwa na kigoda chake cha gogo moja, na heshima yake ilitosha. Kisiwani Mfangano, Homa Bay, jumuiya ya Abasuba ina makumbusho yake ya amani, yanayotunza kumbukumbu za Wasuba. Idara za utamaduni za kaunti hizi mbili ziwapeleke wanafunzi huko, na ziwape maseremala wa Migori mjini kazi ya kuchonga viti vya sherehe zetu. Nawe mwenye kigoda cha babu nyumbani, usikiuze.