Daktari Anayehakiki Vipimo vya Dawa za Kulevya: Hoja kutoka Lodwar na Kakuma

Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na mafuta yakagunduliwa katika kisima cha Ngamia-1 mwaka 2012. Mambo hayo mawili yaliileta Turkana karibu zaidi na waajiri wenye taratibu za kimataifa, zikiwemo za kupima mkojo wa madereva na waendesha mitambo. Mfano unaofuatwa sana ni mwongozo wa Marekani wa mwaka 1988, unaotaka daktari ayapitie matokeo kabla hayajafika kwa mwajiri. Daktari aliyeko Lodwar, huko Turkana, akiutegemea mwongozo huo peke yake, atawaumiza watu wasio na hatia.

Tuanze na joto. Kwa kanuni za Marekani, mkojo unaopimwa ndani ya dakika 4 tangu utolewe unapaswa kuwa na nyuzi 32 hadi 38. Ukipungua hapo, mhusika hushukiwa kuleta mkojo wa mtu mwingine. Mchana wa Lodwar mara nyingi hufikia nyuzi 35 na zaidi. Chupa iliyofichwa mfukoni tangu asubuhi itapita bila shida. Wakati huohuo, fundi aliyekunywa maji mengi kwa sababu ya jua anaweza kutoa mkojo wenye kreatinini chini ya miligramu 20 kwa desilita, akaandikwa kuwa ameuzimua makusudi.

Dawa za hospitali zinahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Mgonjwa wa kifua kikuu humeza rifampisini kwa miezi 6, na mkojo wake hugeuka rangi ya chungwa. Mpokeaji sampuli asiyejua hilo atadhani umetiwa kitu. Isitoshe, rifampisini inaweza kufanya baadhi ya vipimo vya awali vionyeshe afyuni. Kodeini ya dawa ya kikohozi nayo hubadilika kuwa mofini mwilini, hivyo mofini peke yake si ushahidi wa heroini. Kinachoithibitisha ni 6-asetilimofini, ambayo hupatikana kwa kipimo cha kina cha maabara. Daktari asiyemuuliza mfanyakazi anatumia dawa gani hawezi kuyajua haya. Na akishajua, ugonjwa wa mfanyakazi ni siri yake, mwajiri haimhusu.

Kisha kuna miraa. Kipimo cha kawaida cha dawa 5 kinatafuta fensiklidini, tatizo la mitaa ya Marekani, lakini hakikuundwa kutafuta miraa, ambayo ni zao halali nchini Kenya. Dereva aliyetafuna usiku kucha kutoka Kitale, macho makavu, hajalala, anaweza kupewa cheti safi, akashika usukani hadi Kakuma. Mwenzake aliyevuta bangi wiki iliyopita akiwa likizoni anafutwa kazi. Hatari ya barabarani iko kwa nani?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 44, inazungumzia mfanyakazi aliyelewa saa za kazi hata akashindwa kufanya kazi yake ipasavyo. Masalio ya bangi kwenye mkojo hayathibitishi ulevi wa saa ile. Kifungu cha 41 nacho kinampa haki ya kusikilizwa kabla ya kufutwa.

Kwa hiyo daktari mwenzangu, usitie saini karatasi ya mtu ambaye hujazungumza naye. Mpigie simu kwanza, umuulize anatumia dawa gani na amelala saa ngapi.