Njia ya Kiabakari

Atokaye Musoma kwenda Mwanza hupita Makutano, kisha Kiabakari, mahali palipochimbwa dhahabu tangu zama za ukoloni, ndipo afike Bunda. Klabu ya Biashara United ya mkoa wa Mara ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2018, barabara hii ikawa sehemu ya mashindano yake.

Uwanja wake, Karume, u Musoma. Dar es Salaam ni mbali, zaidi ya kilomita 1,000. Simba na Yanga, zilizoasisiwa katika miaka ya 1930, zina wapenzi nchi nzima, nazo hushangiliwa hata ugenini. Klabu ndogo haina bahati hiyo. Kila safari yadai nauli, malazi na chakula cha watu wengi, wala viingilio vya nyumbani havitoshi.

Hata hivyo, msimu wa 2020/21 Biashara ilishika nafasi ya nne, ikaingia Kombe la Shirikisho la Afrika. Iliitoa Dikhil ya Djibouti. Na Oktoba 2021, jijini Dar es Salaam, ikaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2–0. Ikabaki mechi ya marudiano huko Libya. Timu haikusafiri, ikatolewa mashindanoni pasipo kufungwa na Walibya. Mwaka 2022 ikashuka daraja.

Basi si haki kuipima klabu ndogo kwa mabao peke yake. Uwanjani vijana wa Mara walikwisha kushinda, walishindwa njiani.