Kutoka Meseji hadi Kikundi

Ni rahisi kudhani kwamba wakazi wa Nkuhungu, jijini Dodoma, waliipa kisogo meseji ya kawaida kwa sababu ya gharama tu. Gharama ilichangia: mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, mwaka uleule WhatsApp ilipoanzishwa, njia ya intaneti nafuu ilianza kufunguka. Lakini vifurushi vya meseji navyo vilikuwa vya bei ndogo, na bado watu walihamia WhatsApp. Sababu kubwa ni kwamba meseji, yenye kikomo cha herufi 160, ilifaa mtu na mwenzake, ilhali michango ya harusi, misiba na vikoba ni mambo ya wengi. Kikundi cha WhatsApp kiliwaweka wote kwenye kikao kimoja, na ujumbe wa sauti, ulioongezwa mwaka 2013, ulimfungulia mlango hata bibi anayezungumza Cigogo bila kuandika.

Mtu atapinga kwamba meseji haijafa: M-Pesa hutuma uthibitisho kwayo, na kitochi hakihitaji bando. Ni kweli, na ndiyo maana asiye na simujanja lazima apelekewe taarifa kwa meseji. Hata hivyo, meseji imebaki na kazi ya risiti. Mazungumzo yamehamia penye nafasi ya ukoo mzima.