Makapi ya Mkonge: Kutoka Taka hadi Nishati

Mkonge uliingia Tanganyika mwaka 1893, pale mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, alipoagiza miche kutoka Florida, ambayo 62 tu kati yake ndiyo iliyonusurika safari, nayo ikawa chimbuko la zao lililofikia takriban tani 230,000 kwa mwaka mnamo 1964.

Ustawi huo ulificha hasara kubwa. Katika korona, yaani mtambo wa kusindika mkonge, majani hupondwa na magurudumu yenye visu butu huku yakimwagiwa maji mengi, kisha singa, ambazo ni nyuzi nyeupe zilizo chini ya asilimia 5 ya uzito wa jani, huanikwa juani, ilhali makapi ya kijani hutiririshwa mferejini. Kwa miongo mingi makapi hayo yalirundikwa mashambani au kuelekezwa mitoni, yakichafua maji na kutoa methani, gesi inayochangia kuongezeka kwa joto la dunia.

Mabadiliko yalianza katika miaka ya 2000, kampuni ya Katani ilipojenga huko Hale, mkoani Tanga, kwa ushirikiano na Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda, mtambo wa bayogesi ambamo bakteria huozesha makapi pasipo hewa, gesi ikaendesha jenereta na masalia yakafaa kuwa mbolea.

Historia hii inathibitisha kwamba usimamizi bora wa taka huanza ndani ya uzalishaji wenyewe, wala si jalalani.