Zimwi Limpige Nani? Historia Fupi ya Mwamuzi Mwenye Jeshi

Ndugu msomaji, chukulia kwamba umeketi mezani na wenzako watatu mkicheza mchezo wa kuigiza. Watatu kati yenu mna wahusika: askari, mganga na mwizi. Wa nne ni msimamizi wa mchezo. Ndiye anayesimulia ulimwengu wote na kuyaendesha mazimwi. Sasa zimwi limeinua rungu. Litampiga nani? Anayeamua ni adui yenu, naye huyo huyo ni hakimu wenu. Kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Jambo hili lilianza zamani, katika jeshi la Prussia. Mwaka 1824 ofisa Georg Heinrich von Reisswitz alitoa kanuni za mchezo wa vita wa kuwafunza maofisa, akiendeleza kazi ya baba yake. Kila upande uliandika amri zake, na mwamuzi akazitekeleza juu ya ramani. Hasara zilipatikana kwa dadu na majedwali. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois alitaka majedwali hayo yawekwe kando, uzoefu wa mwamuzi utoshe. Hilo liliwezekana kwa sababu moja: mwamuzi hakuwa na jeshi lake mwenyewe.

Mambo yalibadilika nchini Marekani. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha Dungeons & Dragons, na humo mwamuzi akakabidhiwa jeshi la mazimwi. Tangu hapo zimetafutwa njia za kumzuia asipendelee wala asionee.

Njia ya kwanza ni bahati. Katika mwongozo wa wasimamizi wa mwaka 1979, Gygax alieleza kuwa katika vurugu ya wengi, kwa kawaida mpiganaji hawezi kujichagulia adui. Basi bahati nasibu iamue. Dadu haina rafiki. Hata hivyo dadu haina akili pia, kwani humfanya mbwa mwitu na jemadari wachague kwa namna moja.

Njia ya pili ni sheria. Toleo la nne la mchezo huo, la mwaka 2008, lilimruhusu askari kumtia adui alama. Adui huyo akimshambulia mwingine bila kumhusisha askari, hupunguziwa 2 katika jaribio lake la kupiga. Msimamizi alibaki na uhuru wa kuchagua, lakini uchaguzi wake ulikuwa na gharama iliyojulikana na wote.

Njia ya tatu ni tabia. Mwaka 2019 Keith Ammann alitoa kitabu kinachoshikilia kwamba kila zimwi lipigane kwa kadiri ya akili na silika yake. Mnyama mwindaji humwandama aliye dhaifu au aliyejitenga na wenzake; adui mwenye maarifa humtafuta mganga, kwa kuwa bila yeye majeruhi hawainuki.

Kwa nini mwalimu wa uraia ajali haya? Kwa sababu mchezaji hustahimili mhusika wake kufa, lakini hastahimili kuonewa. Msimamizi aliyeudhika anaweza kuyaelekeza mazimwi yote kwa mtu mmoja. Mwenye huruma anaweza kumkwepesha kipenzi chake kila mara. Wote wawili wameharibu mchezo, na hakuna pa kukata rufaa. Katika dola tumeitenga mihimili mitatu, Bunge, Serikali na Mahakama; mezani yote imo mkononi mwa mtu mmoja.

Basi, msomaji wangu, ukikalia kiti hicho, amua zimwi linataka nini kabla ya vita kuanza, wala usibadili kwa kutazama nani amekuudhi. Mwenzako akiuliza, "Mbona mimi?", uwe na jibu linalotoka kwa zimwi, si kwako. Ukilikosa jibu hilo, tupa dadu mbele ya macho ya wote.