Maina: Rika la Waimbaji Lililonyimwa Ngoma Yake

Maina ni jina la kiume la Wagikuyu wa Kenya. Linatokana na kitenzi kuina, ambacho katika lugha yao ni kuimba na kucheza ngoma. Kabla ya kuwa jina la mtu, lilikuwa jina la rika zima, na mwaka 2025 ulitimiza karne moja tangu rika hilo lianze sherehe ambayo halikuruhusiwa kuimaliza.

Wagikuyu walikuwa na marika mawili ya utawala yaliyopokezana: Mwangi, na Maina, ambalo pia huitwa Irungu. Mtoto hakuingia rika la baba yake, bali alirudi katika rika la babu. Majina nayo huzunguka vivyo hivyo hadi leo: mwana wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama.

Marika ya kale nayo yalibeba kazi zao katika majina. Ndemi, kutoka gutema, ndio waliofyeka msitu. Iregi, kutoka kurega, ndio waliokataa udhalimu. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, anasimulia kwamba hapo kale mfalme dhalimu alipinduliwa, na tangu hapo ikakubaliwa kuwa hakuna atakayetawala daima. Kila baada ya kizazi, rika lililokua lingelipa mbuzi na kupokea uongozi kwa ituika, sherehe ya makabidhiano.

Kwa hesabu ya Kenyatta, ituika iliyotangulia ilifanyika miaka ya 1890, na utawala ukawa wa Mwangi. Zamu ya Maina ilifika kati ya 1925 na 1928. Malipo yakaanza, ngoma na nyimbo zikaenea vijijini. Hapo serikali ya kikoloni ikaingilia kati na kuizuia sherehe. Machifu waliowekwa na Waingereza walikuwa tayari wameshika nafasi za wazee, na makabidhiano ya amani ambayo hayakupitia ofisi ya mkoloni hayakuwa na mahali. Kenyatta aliliandika jambo hilo kwa uchungu, na uchungu huo ni wa haki: rika lililoitwa kwa wimbo lilinyamazishwa likiwa katikati ya wimbo. Mwaka 1930 muthirigu nao, wimbo wa kuwapinga wamisheni na serikali, ulipigwa marufuku.

Nyimbo za msituni wakati wa vita vya Mau Mau dhidi ya ukoloni zilipata mtunzaji mwenye jina lilelile. Mwanahistoria Maina wa Kinyatti alizikusanya katika kitabu Thunder from the Mountains, kilichotoka mwaka 1980. Miaka miwili baadaye alifungwa, safari hii na serikali ya Kenya huru.

Katika soko la Mweiga, kwenye barabara ya Nyeri kwenda Nyahururu, anayeita Maina huitikiwa na wengi, wazee kwa watoto. Wengi wao wanajua wamepewa jina la guka, yaani babu. Wachache wameambiwa guka huyo alilipata wapi. Ni hasara inayoweza kuzuiwa nyumbani, siku mtoto anapopewa jina: pamoja na jina, apewe neno kuina, na habari za ngoma ya 1925.